Watu wamejaa kijijini, mbona kipato changu kiko palepale?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mjane wa miaka 54, naishi kijiji kimoja chini ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, upande wa Usa River. Nilipoolewa hapa kulikuwa na nyumba sita kwenye njia yetu, sasa nimeshindwa kuzihesabu. Wapangaji, bodaboda, maduka, kila siku tofali zinashushwa. Kwenye redio nasikia kipato cha mkoa kimepanda. Kwangu sikioni. Nyanya mwaka jana, nikitoa dawa, mbolea na vibarua, zilinibakishia 900,000. Ng'ombe wangu mmoja anatoa lita 8: mbili tunakunywa, sita mchuuzi anachukua kwa 1,000 lita. Nikitoa pumba, majani na daktari, kwa mwaka nabaki na kama 900,000 nyingine. Tuko wanne: mimi, mama mkwe, kijana wangu wa bodaboda na binti wa kidato cha tatu. Sasa kuna dalali anataka nusu eka ya nyanya, ile ya barabarani inayopata maji ya mfereji. Anatoa milioni 25. Jirani aliuza kiwanja cha mita 20 kwa 20 kwa milioni 10. Kijana anasema tuuze tujenge vyumba vya kupanga, mji umetufuata. Shemeji anasema tusiuze, hawa wanaokuja ndio wanaotuletea umaskini. Shamba ni la marehemu mume wangu, eka mbili kwa jumla. Nani yuko sahihi? Na hicho kipato kilichopanda kimepanda kwa nani?"

Dada yangu, kwanza nisalimie huyo mama mkwe. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa kwenye vigoda vya watu, kuanzia Rombo hadi Karatu, na daftari la maswali mapajani: mmekula nini wiki hii, mmenunua nini, pesa imetoka wapi. Ni wachache walionipa hesabu zilizonyooka kama hizi zako, kwa hiyo nitakujibu kwa hesabu hizo hizo. Kijana wako na shemeji yako wanavutana kamba moja, kila mmoja kashika ncha yake, na ncha zote mbili zina ukweli. Swali lako la mwisho ndilo limebeba mengine yote, lakini ili tulifikie inabidi tupitie kwanza kwenye idadi ya watu.

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Arusha na watu 1,694,310. Ya 2022 ikakuta 2,356,255. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.3 kwa mwaka, juu kidogo ya wastani wa nchi, ambao ni asilimia 3.2. Jiji la Arusha peke yake lilitoka watu 416,442 hadi 617,631, na wanaokosa nafasi au kodi ya mjini ndio hao unaowaona wakishusha tofali kwenu. Sasa tazama Kilimanjaro, ambako ndiko ninakoandikia: 1,640,087 mwaka 2012, na 1,861,934 mwaka 2022. Asilimia 1.3 tu kwa mwaka. Ukitaka kujua mahali patakuwa na watu mara mbili baada ya miaka mingapi, gawanya 70 kwa asilimia hiyo. Arusha ikiendelea na mwendo huu itachukua miaka 21. Kilimanjaro itachukua kama 54. Na hii ni mikoa inayopakana, unavuka kutoka mmoja kwenda mwingine ukiwa ndani ya daladala bila kuamka usingizini. (Mtu akikuletea takwimu za Arusha za mwaka 1988 azilinganishe na za leo, mkatalie. Wakati ule Manyara ilikuwa bado ndani ya Arusha. Ilimegwa mwaka 2002.)

Tofauti hiyo inatoka wapi? Sehemu yake ni uzazi: Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ambako akina mama huzaa watoto wachache zaidi nchini. Sehemu nyingine ni nani anahama na nani anahamia, na hapo naomba nikupe mfano wa nyumbani kwetu.

Kihamba cha babu yangu, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, huko Kibosho, kilikuwa eka 3. Alikuwa na wana watano, kila mmoja akapata kama eka 0.6. Baba yangu akawa na wana wanne. Gawanya tena: kila mmoja wetu alistahili eka 0.15, yaani mita za mraba kama 600. Ukishaweka nyumba, banda, choo na kaburi la babu, inabaki migomba unayoweza kuihesabu ukiwa umelala kitandani. Hapo zamani kahawa ilikuwa inaziba pengo hilo, ndiyo iliyomsomesha baba. Lakini mkataba wa kimataifa uliokuwa unapanga mgao wa mauzo ya kahawa ulipovunjika Julai 1989, bei ikaporomoka, na wakulima wengi wakaing'oa miti au wakaiacha izeeke. Sisi tukaondoka. Wawili wako Dar es Salaam, mmoja yuko Arusha, huenda hata amepanga karibu na kwako. Mimi niko Moshi mjini. Nyumba tuliyomjengea mama ina vigae na madirisha ya alumini, na tangu afariki kufuli lake linafunguliwa Desemba na kufungwa tena mwanzoni mwa Januari. Ukipita pale kwa gari utasema ukoo huu una neema. Ukikaa mwezi mmoja utaona kwamba jiko halifuki moshi.

Nimekusimulia hayo kwa sababu mbili. Ya kwanza: nyumba nyingi nzuri si kipimo cha kipato cha mahali zilipo. Mara nyingi ni kipimo cha kipato cha mahali pengine, kilicholetwa kikageuzwa tofali. Zile unazoziona kwenye njia yenu nyingi zimejengwa kwa mshahara wa mjini, kiinua mgongo, au shamba lililouzwa kwingine. Ya pili ni jibu kwa shemeji yako. Kilimanjaro watu wanaongezeka polepole, na eka hazikuongezeka hata moja, lakini familia nyingi hazikuzama, kwa sababu walioondoka walikuwa na shule na waliendelea kutuma pesa. Kilichotuokoa hakikuwa uchache wetu.

Shemeji akibisha, mpe mfano wa Machakos, hapo Kenya. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano. Wataalamu wa kikoloni walikuwa wameshaandika kwamba ardhi ile imekwisha, inamomonyoka hadi mwamba. Ikawa kinyume: mmomonyoko ukapungua, matuta yakachimbwa kila mlima, miti ikapandwa, na mavuno kwa kila mtu yakaongezeka. Lakini angalia ni kwa nini. Nairobi ilikuwa karibu ikinunua mboga na matunda, na vijana waliokwenda kufanya kazi huko walirudisha mishahara yao shambani. Watu wengi walileta soko na mikono. Pasipo soko wangeleta njaa tu. Kwa hiyo swali sahihi la kuuliza kuhusu wageni wenu ni hili: wananunua nini, na wanakinunua kwa nani?

Sasa tuje kwenye kipato cha redioni. Wanaposema wastani wa pato la mkoa kwa kila mtu, wanajumlisha thamani ya vitu na huduma zote zilizozalishwa ndani ya mipaka ya mkoa, kisha wanagawanya kwa idadi ya watu. Hoteli ya watalii iliyo Arusha inahesabiwa Arusha, hata kama mwenye nayo anaishi ng'ambo na faida inakwenda huko huko. Shamba la maua linaloonekana kutoka kwako linahesabiwa vivyo hivyo: maua yote yanaingia kwenye pato la mkoa, lakini kinachobaki kijijini ni mshahara wa wachumaji na kile wanachonunua. Arusha na Kilimanjaro zote zina wastani mzuri kuliko mikoa mingi. Hilo ni kweli na si propaganda. Lakini wastani haukai kwenye mfuko wa mtu yeyote.

Chukua nyumba kumi za njia yenu. Tuseme tisa zinapata milioni 2 kwa mwaka, na ya kumi, ya yule mwenye magari ya watalii, inapata milioni 42. Jumla ni milioni 60, wastani milioni 6 kwa kila nyumba. Sasa mwakani tajiri huyo apate milioni 52, na ninyi tisa msipate hata senti ya nyongeza. Wastani unapanda hadi milioni 7, na redio itatangaza, na haitakuwa imedanganya. Ndiyo maana sisi tunaozunguka na madaftari huwa tunaangalia nyumba ya katikati: zipange kuanzia maskini hadi tajiri, uangalie ya tano na ya sita zinapata nini. Hapo ndipo maisha ya kijiji yalipo.

Hata kwa nchi nzima ni hivyo. Uchunguzi wa matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mwaka 2007 walikuwa asilimia 34.4. Hayo ni mafanikio na nayafurahia, maana nakumbuka nyumba zenyewe. Ila kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini haikushuka pamoja na asilimia, ilibaki karibu milioni 14. Na vijijini asilimia ilikuwa 31.3, mjini 15.8.

Mstari wenyewe mwaka ule ulikuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa kila mtu mzima. Leo, kwa jinsi bei zilivyopanda, ungekuwa juu zaidi kwa robo au zaidi ya robo. Wewe umepata 900,000 za nyanya na 900,000 za maziwa, jumla 1,800,000 kwa mwaka, sawa na 150,000 kwa mwezi, na kwa watu wanne ni 37,500 kila mmoja. Ukiishia hapo utasema uko chini kabisa. Lakini umesahau vitu viwili ambavyo sisi hatuviachi.

Cha kwanza ni unachokula bila kununua. Zile lita mbili za maziwa mnazokunywa, kwa bei yako ya mchuuzi, ni 60,000 kwa mwezi. Gawanya kwa wanne, kila mtu 15,000. Bado sijagusa ndizi, mahindi, mboga na kuni. Hicho ni kipato, dada yangu, hata kama hakijapita kwenye simu.

Cha pili kimenigusa zaidi. Umeniandikia nyanya, maziwa, pumba, hata bei ya kiwanja cha jirani. Pesa ya kijana wako wa bodaboda hukuitaja hata mara moja. Sikulaumu, katika nyumba nyingi nilizohoji mama anataja debe la mahindi na anaruka pesa ya kijana, kwa sababu inaingia kidogo kidogo: leo kilo ya sukari, kesho umeme, keshokutwa nauli ya binti. Lakini jiulize abiria wake ni akina nani. Ni hao wageni. Watu wangebaki kwenye zile nyumba sita, pikipiki yake ingelala uani. Kwa hiyo umeuliza kipato kilichopanda kimepanda kwa nani, na sehemu ya jibu ni kwamba kimeshaingia nyumbani kwako, kwa mlango wa kijana. Mlango wako wewe ndio bado umefungwa, kwa sababu unachozalisha unakiuza kule kule ulikokuwa unakiuza wakati njia ina nyumba sita.

Hebu tuyaangalie maziwa. Mchuuzi wa dumu anakupa 1,000. Yule mpangaji wa mtaa wa pili, anayeamka saa kumi na moja kuwahi gari la shamba la maua au zamu ya hoteli, anapata wapi maziwa ya chai ya mtoto? Nikiangalia bei za maeneo yanayofanana na kwenu, dukani hayapati chini ya 1,500 lita, na mara nyingi ni zaidi. Ukiwauzia majirani wewe mwenyewe lita zako sita kwa 1,500, umeongeza 500 kwa kila lita. Mara sita ni 3,000 kwa siku. Ng'ombe akikamuliwa siku 300 kwa mwaka, hiyo ni 900,000. Umeiona hiyo tarakimu mahali pengine kwenye barua yako? Ni faida yote ya nyanya za mwaka mzima, pamoja na kupigana na kantangaze, yule mdudu wa nyanya, na bei ya soko la Tengeru. Na hujaongeza ng'ombe, wala hujauza hatua moja ya shamba.

Sasa dalali. Hapa nataka twende polepole. Pesa ya kuuza ardhi si kipato. Ni ardhi ile ile imebadilika sura, imekuwa noti. Kipato ni kile kinachokuja tena mwakani. Katika vijiji vinavyokua kwa kasi nimeona mara nyingi familia inaishi vizuri miaka mitatu, minne, sherehe, pikipiki mpya, bati jipya, na kila mtu anasema kijiji kimeendelea, kumbe wanakula mtaji. Ukiwauliza mwaka wa tano, wanafanya kibarua kwenye shamba lililokuwa lao.

Mbinu ya dalali wako si ya siri. Nusu eka ni mita za mraba kama 2,020. Atatoa njia, atapata viwanja vinne vya 20 kwa 20. Kwa bei ya jirani yako, ni milioni 40. Wewe anakupa 25. Atalipia upimaji na usumbufu wa kutafuta wateja, sawa, lakini sehemu kubwa ya hizo milioni 15 ni malipo ya yeye kujua jambo ambalo wewe ulikuwa hujaketi kulipigia hesabu.

Na vyumba vya kijana? Sidharau wazo lake. Tuseme unajenga vyumba vinne vya kawaida, choo cha nje cha pamoja, milioni 22. Fundi wako atakupa bei yake, nami nakadiria. Kodi iwe 40,000 kwa chumba. Kwa mwaka ni 1,920,000 kama havikai wazi hata siku moja, na vitakaa. Weka miezi miwili ya kukosa mpangaji kwa kila chumba: 1,600,000. Toa rangi, kitasa, kunyonya choo, mpangaji aliyehama usiku: inabaki kama 1,400,000. Lakini umeipoteza nusu eka iliyokuwa inakupa 900,000. Ulichoongeza kwa mwaka ni 500,000, pamoja na zile milioni 3 zilizobaki, ambazo sote tunajua hazitamaliza mwaka. Na kurudisha milioni 22 kutachukua karibu miaka 16.

Wapangaji wenu nao wana msimu wao. Mwaka 2019 Tanzania ilipata watalii wa nje 1,527,230. Mwaka 2020, corona ilipofunga viwanja vya ndege, wakawa 620,867. Madereva, wapishi na wapagazi wengi wa Arusha na Moshi walirudi kwao, na vyumba vikabaki na mapazia tu. Utalii umeshainuka, mwaka 2023 walifika 1,808,205, na nauombea uendelee. Nakuonya tu kwamba kodi ya chumba chako itategemea mambo yaliyo mbali sana na mfereji wako.

Kuna njia nyingine ambayo sitaki kukuficha, kwa sababu ukiuliza benki watakuambia: hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, unaanza na milioni moja, riba inaingia kila miezi sita. Milioni 25 ingekupa zaidi ya milioni 2.5 kwa mwaka. Kwa karatasi, inashinda nyanya na vyumba kwa pamoja. Tatizo lake kwako ni hili: bei zikipanda asilimia 3 na nusu kwa mwaka, baada ya miaka 20 hizo milioni 25 zitanunua nusu ya zinachonunua leo, wakati kipande cha barabarani, kwenye mkoa unaojaa mara mbili kwa miaka 21, thamani yake itakuwa imekwenda upande mwingine. Mtu mwenye mashamba matatu anaweza kufanya hivyo na akalala. Kwako wewe shamba hilo ndilo pensheni.

Ungekuwa dada yangu wa tumbo moja ningekuambia hivi. Nusu eka yote usiiuze. Kama kweli mnahitaji fedha kubwa, uza kiwanja kimoja cha 20 kwa 20, wewe mwenyewe, kwa bei ya jirani. Kwa milioni 10, ukiongeza kama moja kutoka kwenye kikoba, unajenga vyumba viwili karibu na nyumba, kwenye kipande kisichopata maji. Viwili hivyo, kwa hesabu ile ile, vitakubakishia 700,000 kwa mwaka. Umepoteza moja ya tano ya nyanya, kama 180,000. Nyongeza yako ni 520,000. Rudi juu usome tena: ukiuza nusu eka yote nyongeza ilikuwa 500,000. Umepata kile kile, na sehemu nne kati ya tano za shamba la mfereji bado ni zako. Na kwenye hizo sehemu nne, punguza nyanya, weka mchicha, sukuma, figili na vitunguu vya majani, vitu ambavyo mpangaji ananunua kila jioni kwa 500. Nyanya zinakuletea pesa mara mbili kwa mwaka, na siku hiyo kila mtu analeta tenga zake Tengeru. Mboga zinalipa kila jioni.

Maji yaangalie kabla ya kitu kingine chochote. Watu wakiongezeka juu yenu, mfereji unapungua, na ardhi ya mfereji isiyo na maji ni kiwanja tu. Hakikisha jina lako liko kwenye chama cha watumia maji, na kwamba mfereji una kibali. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapa Moshi. Na mkifikiria kuchimba kisima kwa ajili ya wapangaji, maji yapimwe kwanza. Maji mengi yanayotoka kwenye miamba ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini yanayochafua meno, umeona meno ya watoto wa huko, na mifupa nayo inaumia.

Hadi hapa barua inatosha, lakini kuna mambo ambayo haitoshi, na la kwanza ni kubwa kuliko hesabu zote. Umeandika kwamba shamba ni la marehemu mume wako. Je, mirathi ilifunguliwa? Kama hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, huwezi kuuza hata mita moja kwa usalama, wala shemeji hawezi, wala kijana. Nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo lenu ukiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Shemeji akisita kusaini, usigombane naye njiani, tafuta wasaidizi wa kisheria. Wapo wanaotoa msaada bila malipo, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza. La pili, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi kuuza ardhi ya kijiji. Inatakiwa idhini ya Halmashauri ya Kijiji, iandikwe kwenye muhtasari. Mauzo mengi yaliyokosa idhini hiyo yameangushwa mahakamani, mnunuzi akadai pesa yake na muuzaji ameshaijengea. La tatu, pita kwa afisa ardhi wa halmashauri uulize kama eneo lenu limeshatangazwa kuwa la mipango miji, na kama kuna barabara iliyochorwa kupita kwenye kipande hicho. Uliza kwa miguu yako, usitume dalali akuulizie.

Mpaka karatasi ya msimamizi iwe mkononi mwako, usipokee advansi yoyote, hata ya kununulia sare ya binti. Na usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kwa kutegemea kwamba shamba litauzwa. Nimeona eka zikienda kwa deni lililoanza na laki tatu.

Maziwa hayahitaji karatasi. Mwite daktari wa mifugo ampime ng'ombe ugonjwa wa kutupa mimba, uwaambie wateja wayachemshe, kisha uanze na nyumba nne zilizo karibu, lita moja moja, jioni kabla hawajanunua dukani. Mchuuzi mwachie lita mbili ili usimpoteze ghafla. Siku ya msiba utamhitaji. Wanaolipa kwa mwezi waandike kwenye daftari. Na kwenye daftari hilo hilo, ukurasa wa nyuma, mwombe kijana awe anaandika anachoweka mezani kila jioni. Baada ya miezi mitatu niandikie tena na tarakimu hizo, tuone vyumba viwili vinasimama wapi.